Mwaka Niliojifunza Kuzua Taharuki

Mama Tekla hakunipigia simu kuniuliza kama nitakuja. Alisema Mwalimu Remiji amefariki alfajiri, mazishi ni keshokutwa saa nane mchana hukohuko Wampembe, na wasifu wa marehemu ameuandika marehemu mwenyewe na ameagiza niusome mimi. Kisha akaniuliza kama bado nina ule mwandiko. Nikamwambia siku hizi nachapa tu, nina duka la steshenari hapa Chanji, mjini Sumbawanga, kompyuta mbili na mashine ya kutoa kopi, kalamu naishika ninapoandika risiti. Akasema, haya, njoo hivyohivyo, akakata. Mbele yangu alikuwa amekaa mteja akisubiri barua ya maombi ya kazi. Niliichapa ikatoka na makosa matatu, na mimi huwa sikosei. Nilikuwa sijamwona Mwalimu kwa miaka ishirini na minane. Kutoka Sumbawanga ukipita Namanyere na kuteremka hadi ziwani, unaondoka asubuhi, jioni umefika, kwa hiyo sina barabara ya kuisingizia. Sikwenda kwa sababu niliogopa, na nilikuwa nimeogopa muda mrefu kiasi kwamba woga wenyewe nilishauzoea.

Habari za ukoo wetu, nani alimzaa nani na shamba lilikuwa wapi, nitaziruka, maana hazikuchangia lolote. Mwaka ninaousema ulianza pale Mwalimu Remiji alipofungua banda la video hapahapa Sumbawanga, nyuma ya duka la spea za baiskeli. Alikuwa amestaafu mapema kwa ajili ya kifua. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimemaliza kidato cha nne na matokeo ya kuficha, na nilimfahamu tangu darasa la pili, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kuandika. Alikuwa na namna yake: anasimama nyuma yako, anaushika mkono wako na penseli yako ndani ya mkono wake, na kuuzungusha mpaka uache ubishi. Ukiandika nje ya mstari, unaanza upya. Wengi walipofika sekondari waliutupa mwandiko ule, wakaandika wanavyotaka. Mimi niliubakiza wote, na ile herufi g yenye mkia uliopinda kushoto, na k yenye mguu mrefu kupita kiasi. Ungeweka ukurasa wake na wangu pamoja, hata mke wake asingekuambia upi ni wa nani. Tulikuwa tukilicheka jambo hilo.

Jioni banda lilionyesha sinema za ngumi, kama mabanda yote, watu wakilipa na kupiga miluzi. Lakini saa tisa alasiri, kabla ya wateja, kulikuwa na darasa, na darasa hilo lilikuwa la mtu mmoja aliyekwisha kufa, mtengeneza sinema wa zamani wa huko ng'ambo ambaye Mwalimu alimwita Fundi. Jina lake halisi alilijua, ila alisema tukilijua tutaanza kulitaja mitaani ili tuonekane tumesoma. Padri mmoja mzee, aliporudi kwao, alimwachia kanda saba zisizo na majalada, nyingi hazina hata rangi. Tulikuwa wanafunzi wawili, mimi na Oswadi, kijana mcheshi aliyetaka kuwa mwigizaji na ambaye sasa anapitisha mizigo ya watu mpakani Kasesya. Watatu, kusema kweli, kwa sababu Mama Tekla, mke wa Mwalimu, alikuwa akikaa pembeni na ungo wa maharage akijifanya anachambua. Yalikuwa maharage yaleyale wiki nzima.

Chumba kile nakikumbuka kuliko vyumba nilivyolala. Sakafu ya udongo iliyosiribwa, mabenchi manne, televisheni juu ya meza ya mwalimu, deki iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kana kwamba ni kitu cha altareni. Madirisha yalizibwa kwa karatasi za mifuko ya saruji, isipokuwa moja ambalo kona yake ilichanika na haikuzibwa tena. Kupitia kona hiyo ungeona mashine ya kusaga, wanawake na ndoo zao, barabara, na geti la shule ya msingi. Mwezi wa sita na wa saba upepo wa Ufipa ulikuwa ukiingia hapo ukakukata masikio. Mama Tekla alitupa uji wa ulezi kwenye vikombe vya bati, na siku nyingine ugali wa ulezi na migebuka, samaki wa ziwani waliokaushwa, na tulikula gizani huku jenereta likiunguruma nje, macho kwenye kioo. Hata leo nikila migebuka nasikia jenereta.

Mwalimu hakutafsiri kwa kelele kama wanavyofanya wengine, mtu anakufa kwenye kioo na mtafsiri anaongeza utani wake. Alizima sauti kabisa. Alituonyesha kipande cha dakika mbili mara sita, mara nane, akirudisha nyuma mpaka kanda inalalamika, kisha anauliza: mkono wa huyu mama ulikuwa wapi kabla mlango haujafunguliwa? Kwa nini Fundi ametuonyesha ufunguo kabla hajatuonyesha uso? Alitufundisha kwamba katika kanda zote saba Fundi alikuwa na hadithi moja tu aliyoirudiarudia. Kuna mtu ambaye hakufanya kosa, anayekimbizwa kwa kosa la mwingine. Kuna mwingine aliyekaa mahali pake salama akitazama. Na yule mkosaji mara nyingi ni mtu mwenye adabu, anayekukaribisha chai. Oswadi aliuliza kwa nini Fundi alipenda watu wabaya hivyo. Mwalimu akajibu kwamba hakuwapenda, aliwafahamu tu. Nakumbuka Mama Tekla aliinua macho kwenye ungo akanitazama, bila sababu yoyote, nikaona haya.

Somo kubwa lilikuwa la maneno mawili, mshtuko na taharuki. Alilitoa hivi. Watu wawili wako chini ya paa la nyasi, wanakula. Ghafla paa linashika moto. Huo ni mshtuko, unapita mara moja. Sasa mwonyeshe mtazamaji cheche imetua kwenye nyasi, halafu wale wawili waache waendelee kula, waombe chumvi, wabishane bei ya gunia la mahindi. Mtazamaji anajua, wao hawajui. Hiyo ndiyo taharuki, na unaweza kuivuta utakavyo. Redio na askari walikuwa wakilitumia neno hilo kwa maana ya fujo na hofu mitaani, fulani kakamatwa kwa kuzua taharuki, na Mwalimu, aliyesomesha Kiswahili maisha yake yote, alikuwa akikasirika. Alisema wameliharibu neno zuri na yeye atalirudisha kazini. Siku hiyo nilifungua daftari jipya, lenye jalada la kaki, na juu ya ukurasa wa kwanza nikaandika alivyoniambia: NAMNA YA KUZUA TAHARUKI. Chini yake niliandika mafundisho. Chagua mtu ambaye watu hawamjui vizuri. Mpe kitu cha kawaida mkononi. Usiseme ni mbaya, mwache mtazamaji aseme mwenyewe. Leo naweza kuyaandika tena neno kwa neno, na huwa sipendi kwamba naweza.

Baada ya mavuno Mwalimu alitupa kazi: tungeni taharuki isiyohitaji mashine, kwa kalamu tu. Oswadi aliandika kuhusu mwizi wa kuku. Mimi nilikaa siku nne nikakosa la kuandika. Siku ya tano nilikwenda mashineni na debe la mahindi, foleni ilikuwa ndefu, wanawake wameshazungumza yote ya mjini, na nikaona hawa hapa watazamaji, karatasi ya nini? Nikawaambia, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwamba nimesikia kuna mwanamume mwenye begi la bluu ambaye husimama karibu na shule watoto wanapotoka. Hafanyi kitu. Anaangalia saa yake tu. Wakaniuliza, halafu? Nikasema basi, hivyo tu. Sikulitaja neno mumiani, mnyonya damu za watu. Hilo walilitia wao, mama mmoja kwa Kifipa akimwambia mwenzake, nami nikajifanya sikusikia. Begi nililitoa kwa mtu wa kweli. Asubuhi moja mgahawani nilikaa meza moja na mfugaji wa Kisukuma aliyeitwa Masanja, aliyekuwa akipanda kutoka bonde la Rukwa kununua dawa za ng'ombe. Alinisalimia mwangaluka, nikashindwa kujibu, akacheka akanifundisha. Begi lake la bluu alikuwa ameliweka mapajani, hakutaka liguse sakafu yenye maji.

Ndani ya wiki mbili hadithi ilinirudia ikiwa imenenepa. Sasa begi lilikuwa na mirija, na watoto watatu walikuwa wamepotea, mmoja ametajwa hadi jina la mama yake. Hapakuwa na mtoto aliyepotea. Nilikwenda mbio kwa Mwalimu, na nitasema ukweli, nilikwenda kujisifu. Alikuwa anakunywa uji. Alikiweka kikombe chini taratibu.

"Kesho asubuhi nenda mashineni," alisema. "Uwaambie umetunga. Uwaambie wote, siyo mmoja."

Nikaitikia. Kesho yake nilifika hadi kwenye kona ya duka la spea, nikawaona wamejaa, wanacheka, na nikafikiria watakavyoniita mwongo mpaka nizeeke. Nikarudi nyumbani. Nikajiambia nitakwenda Jumatatu. Mwalimu aliponiuliza, nikamwambia nimeshawaambia.

Ilikuwa Ijumaa. Mwalimu alikuwa amekwenda kutafuta petroli ya jenereta, Oswadi hakuja, tulikuwa wawili bandani, mimi na Mama Tekla. Kwa kuwa hapakuwa na umeme nilisimama kwenye ile kona ya dirisha iliyochanika, natazama nje. Masanja alitoka upande wa duka la dawa za mifugo, begi begani. Alikuwa akingojea lori la kuteremka bondeni, na lori lilikuwa likisimama pale, karibu na geti la shule. Kengele ilikuwa imegongwa, watoto wanatoka. Akaangalia saa yake. Mashineni mwanamke mmoja akateremsha ndoo yake kichwani, akaiweka chini, hakuondoa macho kwake. Kisha wa pili. Mimi nilijua. Yeye hakujua. Ningetoka nikapiga kelele, ni hatua hamsini, ningefika. Nimejitetea kwa njia nyingi tangu siku hiyo, kwamba miguu ilikufa ganzi, kwamba ilitokea upesi. Haikutokea upesi. Ilichukua muda wa kutosha Masanja kufuta vumbi kwenye begi, kuangalia saa mara ya pili, na kumpisha mtoto aliyekuwa na baiskeli. Na mimi kifuani, kabla ya hofu, nilikuwa na furaha. Ilikuwa imefanya kazi. Kila kitu kilikuwa mahali pake kama kwa Fundi.

Mama Tekla akaniuliza natazama nini. Nikamjibu, "Hakuna kitu."

Walipolifungua begi walikuta chupa za dawa na bomba la sindano, lile kubwa la kuchomea ng'ombe, ambalo kila mfugaji analo na ambalo mkulima wa mahindi akiliona ghafla hawezi kulifikiria kwenye mwili wa ng'ombe. Sitaeleza yaliyofuata. Alifariki hospitalini siku ya tatu. Ndugu yake alipanda kuja kuuchukua mwili, mwanamume mtulivu mwenye kofia ya sufu. Nilikuwa dukani kwa spea alipoingia kuuliza kama kuna aliyeliona lile begi. Hakuuliza nani alianza. Alisema ndama bado wanaumwa, na zile dawa zilikuwa za kwao.

Askari walianza kutafuta aliyezua taharuki. Mtu aliwaambia kwamba nyuma ya duka la spea kuna mwalimu anayewafundisha vijana jambo hilohilo kwa jina hilohilo. Walikuta daftari la kaki juu ya deki, mahali nilipolisahau. Niliitwa kituoni kama shahidi. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi, bila mkanda, bila viatu. Mpelelezi, mtu mpole aliyeonekana hajalala, alisoma kwa sauti: chagua mtu ambaye watu hawamjui vizuri, mpe kitu cha kawaida mkononi. Mwalimu alijaribu kumweleza kuhusu sinema, kuhusu paa la nyasi na cheche, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyosikika vibaya. Mpelelezi akanigeuzia daftari, akaniuliza mwandiko huu ni wa nani. Nilifungua mdomo. Nataka kuamini kwamba nilikuwa nakwenda kusema.

"Ni wangu," alisema Mwalimu.

Walimpa karatasi, akaandika mistari miwili, g na mkia wake, k na mguu wake. Ilitosha. Mpelelezi akaniambia naweza kwenda, nikaenda. Mlangoni sikugeuka kumtazama Mwalimu, na hilo, kati ya yote, ndilo linaloniamsha.

Alikaa rumande miezi minane, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi wa kumfunga. Lakini mtaa ulishamfunga. Kanda zilikuwa zimetupwa jalalani, riboni zake zikining'inia kwenye ua wa miti wiki nzima. Kanisani watu waliacha benchi zima kati yao na yeye. Wakahamia Wampembe, yeye na Mama Tekla, wakawa wanakausha samaki. Sikuwaandikia. Na hadithi sikutunga tena hata ya kumlaza mtoto. Nachapa barua za watu, maneno yao, mimi najaza nafasi tu.

Nilifika Wampembe jioni ya kabla ya mazishi. Nyumba ilinukia moshi wa migebuka. Nilimpa shikamoo Mama Tekla, akaitikia, akanishika mkono wa kulia akaugeuza na kuutazama kiganja, akauachia. Asubuhi alinipa chai, kiazi kitamu, na karatasi mbili zilizochanwa kwenye daftari. Mwandiko ulikuwa umetetemeka kidogo lakini ulikuwa uleule, wake na wangu. Katekista alishaziona na hakupendezwa, maana wasifu husomwa "marehemu alizaliwa", na huu ulikuwa umeandikwa kwa nafsi ya kwanza, nilizaliwa, nilisoma, nilifundisha. Mama Tekla alimjibu kwamba mwalimu wa Kiswahili anajua nafsi zake. Nikasoma peke yangu nyuma ya jiko. Katikati ya ukurasa wa pili nilikuta haya: "Mwaka ule alikufa mtu asiye na hatia, jina lake Masanja. Daftari lilikuwa langu na mwandiko ni wangu." Amekufa, nikasema moyoni, na bado ananifunika. Nikaamua mstari huo nitauruka. Kuusoma ingekuwa kumdanganyisha marehemu mbele ya jeneza lake. Hivyo ndivyo nilivyojieleza, na sababu ilinipendeza kwa kuwa ilikuwa inaniokoa.

Watu walijaa uwanjani, wavuvi, wanakwaya, walimu wastaafu wachache waliotoka Sumbawanga, Oswadi na tumbo lake la mpakani. Wawili watatu niliwatambua kwa sura za foleni ya mashineni, wamezeeka. Nilisoma. Nilizaliwa, nilisoma, nilimwoa Anastazia, Mungu akatujalia Tekla. Watu wakaitikia kwa kichwa. Nikaufikia ule mwaka, nikavuka, nikaanza "Tulipohamia hapa Wampembe..." Mama Tekla alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, karibu na jeneza.

"Skola," alisema, si kwa sauti kubwa. "Umeruka mstari."

Nikamtazama, na nikaona kwamba jambo hili amelijua tangu ile Ijumaa, tangu "hakuna kitu," na kwamba amelila na Mwalimu miaka ishirini na minane kwenye sahani moja. Nikaurudia ukurasa. Na pale, nikiwa nimeshikilia karatasi, ndipo nilipoona alichokifanya yule mzee. Hakuwa ananifunika. Alikuwa ameniandikia maneno ya kusema, kwa nafsi ya kwanza, akaagiza niyasome mimi na si mwingine, kisha akaondoka akaniacha mbele ya watazamaji ambao hawajui, na mmoja anayejua.

"Mwaka ule alikufa mtu asiye na hatia, jina lake Masanja," nilisoma. "Daftari lilikuwa langu na mwandiko ni wangu."

Watu waliinamisha vichwa kumhurumia marehemu. Wale wa mashineni walitazamana. Waliona ni yeye anayekiri, hatimaye, ndani ya jeneza, na mmoja wao alitikisa kichwa kana kwamba amesamehe. Mama Tekla hakutikisa kichwa. Alikuwa bado ananingoja. Nikazikunja zile karatasi, nikaziweka juu ya jeneza ili kila mtu aone kwamba sisomi tena, nikayarudia maneno yale, safari hii kama yangu mwenyewe.